Kushika Bila Kuchubua



Mwaka 1896 kampuni moja ya Hamburg, Ujerumani, ilianza kuuza utepe wa kuzibia matairi ya baiskeli. Uliitwa Cito. Waliouleta sokoni hawakuwa mafundi baiskeli. Walikuwa Beiersdorf, watu wa dawa na plasta, na walichokuwa wanakitafuta ni plasta ya kubandika mwilini. Waliipata, ikashika vizuri, tena vizuri mno, hadi ngozi za watu zikawasha na kuwa nyekundu. Oscar Troplowitz, aliyeinunua kampuni hiyo mwaka 1890, hakuitupa kazi ile. Aliona kwamba kisichofaa kwa ngozi chaweza kufaa kwa mpira wa tairi, akakiuza hivyo.

Nimeanza na baiskeli kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Watu wengi hudhani gundi ya kidonda ni gundi ya kawaida iliyopunguzwa ukali. Sivyo. Ni ufundi wa pekee, na mtihani wake mgumu huja siku ya kubandua. Kushika, kiwanda chochote kitakutengenezea. Kutoka bila kuondoka na ngozi ya mtu, hapo wakemia wametoa jasho kwa zaidi ya miaka mia moja, na hapo ndipo muuguzi wetu huachwa peke yake wodini na roli ya plasta na subira yake.

Tuitazame ngozi kwanza. Plasta haishiki ngozi iliyo hai. Inashika seli zilizokufa. Juu kabisa ya ngozi kuna seli mfu zilizo bapa, zimepangana safu 15 hadi 20 katika sehemu nyingi za mwili, na katikati yake kuna mafuta. Unene wa safu zote hizo ni mikromita 10 hadi 20. Gawa milimita moja kwa hamsini au kwa mia, utaupata. Kwa wembamba huo wote, hilo ndilo gamba linalozuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Seli zake hupukutika zenyewe kila siku, na mwili huhitaji takriban wiki nne kuleta nyingine kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo unapobandika plasta, umebandika juu ya kitu ambacho tayari kiko njiani kuondoka, na unapoibandua unaharakisha safari yake.

Mara moja, kwa kijana mwenye afya, si neno. Lakini mwaka 1951 Hermann Pinkus, daktari wa ngozi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza jinsi mtu anavyoweza kuliondoa gamba lote kwa kubandika utepe wa kawaida mahali pamoja na kuubandua, tena na tena, mpaka ngozi ikabaki inang'aa majimaji. Alifanya hivyo makusudi, ili achunguze jinsi ngozi inavyojitengeneza upya. Sisi wodini tunafanya bila kukusudia. Kidonda kinachofunguliwa kila asubuhi kwa wiki tatu, na plasta ikarudishwa pale pale kila mara, ni jaribio la Pinkus juu ya mgonjwa ambaye hakuna aliyemwomba ridhaa.

Na ngozi hazilingani. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 30 za ujauzito ana safu mbili tatu tu za seli hizo. Plasta moja ikibanduliwa shavuni mwake yaweza kuondoka na ngao yake yote, na maji ya mwili yakaanza kumpotea hapo. Kwa mzee shida iko chini zaidi. Ujanani, ngozi ya juu na ya chini zimeshikana kwa vinundu na mabonde yanayoingiana. Uzeeni mabonde hayo husawazika. Gundi ikimshika mzee kwa nguvu kuliko ngozi yake ya juu ilivyoishika ya chini, kitakachoachia ni ngozi. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walichapisha makubaliano yaliyoyapa madhara haya jina lake na hesabu yake katika tiba: kuchubuka, malengelenge yanayotokana na kuvutwa, ngozi kuchanika, vinyweleo kuvimba, ngozi kulowa chini ya plasta, mwasho na aleji. Kabla ya hapo mengi ya hayo yaliandikwa katika faili kama jambo la kawaida, au hayakuandikwa kabisa.

Sasa, gundi yenyewe hushikaje? Waliokulia mashambani wanaujua ulimbo: utomvu wa mfenesi au wa mbungo, unapikwa mpaka unanata, unapakwa kijitini, ndege akitua tu amekwisha. Hakuna aliyembonyeza. Uzito wake mdogo umetosha. Gundi ya seremala haiwezi kazi hiyo kwa sababu hushika kwa kukauka, na ulimbo haukauki: ni laini kiasi cha kuingia katika kila mfereji wa unyoya, na mzito kiasi cha kutokuchuruzika. Gundi za plasta zote, tangu za babu zetu hadi za leo, zinafuata kanuni hiyo hiyo. Hazihitaji maji, moto wala kusubiri. Zinahitaji kuguswa.

Katika miaka ya 1960 Carl Dahlquist wa kampuni ya 3M, Marekani, aliipa kanuni hiyo tarakimu. Gundi ya kushika kwa mguso, alionyesha, ni lazima iwe laini, ugumu wake usizidi takriban paskali 300,000. Ikizidi hapo haiwezi kuinama na kufuata mashimo ya uso inaobandikwa, na isipogusana na uso ule kwa karibu sana, zile nguvu ndogo za kuvutana kati ya molekuli, ziitwazo nguvu za van der Waals, hazipati nafasi ya kufanya kazi. Hakuna uchawi mwingine. Moja moja, nguvu hizo ni dhaifu kabisa. Zikiwa nyingi, zinamshika ndege.

Lakini kitu kilicho nusu majimaji na nusu kigumu kina tabia mbili ambazo mgonjwa huzilipia. Ya kwanza, huendelea kutiririka polepole baada ya kubandikwa. Mara nyingi plasta uliyoibandika leo jioni si ile utakayoibandua kesho kutwa: kwa muda huo gundi imeingia kwenye mikunjo ya ngozi na kuzunguka mashina ya vinyweleo, na nguvu yake imeongezeka. Ya pili, tabia yake hubadilika kwa kasi. Ukiivuta polepole inapata muda wa kutiririka na kuachia. Ukiivuta ghafla inajifanya ngumu na kuhamishia nguvu yote kwenye kile ilichokishika.

Hapa najua kuna watakaonipinga, kwa sababu sote tulilelewa na mama au shangazi aliyesema, "Funga macho, nahesabu tatu," na akavuta akifika mbili. Nao wana ushahidi. Mwaka 2009 watafiti wa Queensland, Australia, waliwabandika wanafunzi wa udaktari wenye afya plasta ndogo, wakazibandua nyingine haraka na nyingine polepole, na walioumia kidogo zaidi ni wale wa haraka. Nayakubali matokeo hayo. Ila tuangalie walipima nini: walipima maumivu, kwa vijana. Hawakuhesabu seli zilizobaki kwenye gundi, wala hawakumgusa bibi wa miaka themanini anayemeza vidonge vya steroidi. Maumivu na madhara ni vitu viwili, na mara nyingine havisafiri pamoja. Kwa ngozi imara, mfuateni shangazi. Kwa ngozi dhaifu, nendeni polepole, tena chini kwa chini: kunja ncha ya plasta irudi juu ya mgongo wake yenyewe, ivute ikiwa sambamba na mwili, na mkono wa pili uibane ngozi mahali inapoachia, ukihama nayo hatua kwa hatua. Ukiinua plasta wima, unainua na ngozi.

Historia ya gundi hizi ni ndefu kuliko saa niliyopewa, kwa hiyo nitaruka. Kwa karne nyingi plasta za Ulaya na za nchi za Bahari ya Mediterania zilipikwa kwa oksidi ya risasi na mafuta ya zeituni. Zilishika, na tusiseme zaidi. Mpira ulipoingia katika karne ya 19 mambo yalibadilika. Mwaka 1882 Paul Beiersdorf, mfamasia, alipata hataza ya plasta zenye dawa zilizotengenezwa kwa guta-percha, naye alishirikiana na Paul Gerson Unna, daktari bingwa wa ngozi wa mji ule ule wa Hamburg. Baada ya mkasa wa matairi, mwaka 1901 kampuni ya Beiersdorf ilitoa plasta ambayo ndani ya gundi yake ya mpira kulikuwa na oksidi ya zinki. Unga huo mweupe ulituliza asidi za mpira na utomvu zilizokuwa zikiwasha ngozi, ukaipa gundi mwili, na ukaipa plasta weupe wake. Ikaitwa Leukoplast. Mwaka 1920 Earle Dickson, mfanyakazi wa Johnson & Johnson kule Marekani, alibandika vipande vya shashi juu ya utepe kwa ajili ya mkewe Josephine, aliyekuwa akijikata mara kwa mara jikoni, na plasta ndogo ya nyumbani ikazaliwa.

Plasta ya zinki bado ni plasta yetu. Ingieni hospitali nyingi za wilaya kuanzia Lindi hadi Kakamega mtaikuta: roli moja, mkasi, na vipande vilivyokwisha kukatwa vikiwa vimening'inizwa ukingoni mwa toroli. Sitaibeza. Ni nafuu, hushika hata pale ngozi ilipolowa kidogo, hushikilia mrija usichomoke, nayo imeokoa watu wengi. Ila ina mambo yake. Gundi yake ni mpira uliochanganywa na utomvu wa msonobari, na utomvu huo unajulikana sana kwa kuleta aleji. Roli ikikaa kwenye stoo yenye joto, gundi huchuruzika pembeni. Ndiyo ile michirizi ya kijivu inayobaki mwilini na kukusanya vumbi siku tatu baada ya plasta kutoka. Na roli inayotoka kitanda hadi kitanda, mfukoni na mezani, hubeba vijidudu; tafiti za hospitali za nje zimevikuta vya hatari juu ya roli za namna hiyo. Kila mgonjwa na roli yake ndogo ingekuwa bora. Kama haiwezekani, tupa mzunguko wa kwanza wa nje na usivitundike vipande kwenye toroli. Na niseme pembeni kidogo: nyingi ya plasta za maduka yetu bado ni za rangi ya waridi iliyofifia, na sijui ni ngozi ya nani wa Kariakoo iliyokusudiwa kufanana nayo.

Mnamo 1960 kampuni ya 3M ilileta plasta ya karatasi, ile nyepesi yenye matundu yasiyoonekana, na gundi yake ilikuwa akriliki. Akriliki hutengenezwa kiwandani ikiwa tayari inanata, kwa hiyo haihitaji utomvu wa mti. Aleji zikapungua. Hewa na mvuke wa jasho vikapata njia. Lakini akriliki ndiyo bingwa wa ile tabia niliyoitaja ya kukaza kadiri siku zinavyopita, na plasta laini mkononi yaweza kuwa kali siku ya tano.

Kisha likatokea jambo lililogeuza swali lenyewe. Mwaka 1962 George Winter, akiwa London, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majeraha madogo aliyowafanyia nguruwe wachanga. Majeraha aliyoyafunika kwa karatasi ya plastiki, yakabaki na unyevu wake, yaliota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi yakauke na kufanya kigaga. Sisi tuliofundishwa kwamba kidonda kipigwe upepo kikauke tulichelewa sana kuipata habari hiyo, na mitaani bado haijafika. Maana yake kwa gundi ilikuwa kubwa. Kama kidonda kinataka unyevu na utulivu, basi kifuniko hakitabadilishwa kila asubuhi. Kitakaa siku tatu, tano, saba. Gundi nayo itaishi na ngozi siku hizo zote, na ngozi haiachi kutoa mvuke hata mtu akiwa amelala.

Viwanda vilijibu kwa njia mbili kuu. Katika miaka ya 1970 zilikuja tando nyembamba za poliurethani zinazoonyesha upande wa pili, ambazo huruhusu mvuke kupita na kuzuia maji. Ndizo zinazofunika kanyula siku hizi. Utando wa namna hii haubanduliwi kama plasta. Unashikwa ncha na kunyooshwa kwa upande, sambamba na ngozi, mpaka gundi inaachia chini yake. Wapo wanaoupandisha juu kwa nguvu na kulalamika kwamba ni mbaya. Njia ya pili ni haidrokoloidi: gundi isiyopenda maji iliyochanganywa na unga unaopenda maji, yaani pektini, jelatini na selulosi iliyotibiwa. Unga hunyonya jasho na maji ya kidonda na kugeuka ute, gundi inayouzunguka inaendelea kushika. Mzizi wake ni vibandiko vya kuzunguka tundu la haja tumboni kwa waliofanyiwa upasuaji wa utumbo, mahali ambapo ngozi hulowa mchana na usiku.

Haidrokoloidi ina kazi moja ambayo ningependa kila wodi ya watoto wachanga iijue. Kata kipande chake, kibandike shavuni mwa mtoto, kisha mrija wa kulishia au wa hewa uubandike kwa plasta juu ya kipande hicho, plasta isiguse shavu. Plasta ikibadilishwa mara kumi, inabandua haidrokoloidi mara kumi. Shavu halijui.

Sasa silikoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo iliyokaribia zaidi kile alichokikosa Troplowitz. Karibu na mwaka 1990 kampuni ya Mölnlycke ya Sweden ilitoa wavu mwembamba uliopakwa jeli laini ya silikoni, wa kulazwa moja kwa moja juu ya kidonda. Mnyororo wa molekuli ya silikoni haukujengwa kwa kaboni kama wa mpira na akriliki. Unajipinda kwa urahisi mno. Jeli yake ni laini kuliko gundi nyingine zote nilizozitaja, na inaenea juu ya ngozi papo hapo. Kwa dakika chache imekwisha kufika mwisho wa kushika kwake. Siku ya saba itakuwa inashika karibu sawa na ilivyoshika siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna mkunjo uliobaki ambao haijaufikia.

Inapobanduliwa, haijikazi wala kuvutika nyuzi nyuzi. Inaachia mstari kwa mstari, huku mzigo ukisambaa eneo pana, na seli nyingi zinabaki mahali pake. Kwa kuwa haikubeba seli, unaweza kuinua pembe, ukachungulia kidonda, ukairudisha. Jambo hilo la mwisho akriliki haiwezi, maana uso wake ukishajaa seli mfu umekwisha kazi. Zaidi ya hayo, silikoni haishiki kilicholowa, kwa hiyo hushika ngozi kavu ya pembeni na kukiacha kidonda chenyewe. Kwa mtoto aliyeungua, na kwa wale waliozaliwa na maradhi ya ngozi inayotoka kwa kuguswa tu, tofauti hii inasikika kutoka nje ya chumba: mtoto halii.

Silikoni ina kasoro mbili. Bei yake ni mara nyingi ya ile ya zinki. Na upole wake ni udhaifu pale ambapo kushika ni suala la uhai. Mrija wa kupumulia sitaufunga kwa silikoni pekee, na yeyote anayewauzia kwa kazi hiyo mwulizeni maswali. Karatasi za silikoni hutumika pia kushusha makovu yaliyovimba, kazi iliyoanza Australia mapema katika miaka ya 1980 kwa walioungua. Kwetu ambako keloidi ni nyingi, zinauzwa kwa ahadi kubwa. Ushahidi upo, ila ni mwepesi kuliko ahadi.

Nigeukie ngozi zetu. Makubaliano yale ya 2013 yanasema kuna jeraha la gundi pale wekundu au dalili nyingine inapobaki dakika 30 au zaidi baada ya plasta kutoka. Wekundu! Kwenye ngozi nyeusi tii wekundu haujitangazi. Muuguzi aliyefundishwa kwa picha za vitabu vya Ulaya atatazama mgongo wa mgonjwa, ataona weusi uliokoza kidogo, ataandika "ngozi nzima". Sisi tunahitaji mazoea mengine: gusa kwa mgongo wa kiganja na ulinganishe joto na ngozi ya jirani, tazama kwa mwanga wa pembeni kama pale panang'aa kuliko kwingine, mwulize mgonjwa kama panachoma. Na tusisahau kwamba kwa ngozi yetu mchubuko mdogo huacha doa jeusi la miezi mingi. Mgonjwa anarudi nyumbani kidonda kimepona, na mraba wa plasta bado umechorwa tumboni mwake.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kiangazi cha Mombasa au cha Dar es Salaam, jasho hujikusanya chini ya plasta, ngozi inalainika na kuwa nyeupe kwa maji, na ngozi iliyolowa hivyo huchanika kwa nguvu ndogo. Kausha kwanza. Spiriti ikipakwa, iache ikauke yenyewe kabisa kabla ya plasta, usiipulize kwa mdomo. Spiriti iliyofungiwa chini ya gundi ni chanzo cha mwasho ambao baadaye plasta husingiziwa. Nywele zikatwe kwa mkasi au mashine, zisinyolewe kwa wembe, kwa sababu wembe hukwangua lile gamba kabla hata gundi haijafika. Plasta ilazwe kuanzia katikati kwenda pembeni bila kuvutwa. Ikivutwa, hujaribu kurudi kwenye urefu wake usiku kucha, na kiungo nacho kikivimba baada ya upasuaji, asubuhi mtakuta malengelenge yamejipanga ukingoni mwa plasta. Na kidole au mguu wa mgonjwa wa kisukari usizungushiwe plasta duara kamili, hata siku moja.

Wagonjwa wengi husema, "Mimi plasta inanikataa." Wengi wao hawana aleji, wamechubuliwa. Kama alama ina umbo la plasta kamili na inatulia kwa siku moja mbili, shaka iende kwenye mwasho na mvuto. Kama inawasha sana, ina vipele vyenye maji, na inavuka mipaka ya plasta, hapo fikirieni aleji na badilisheni aina ya gundi, maana kubadili jina la duka hakutoshi. Akriliki nayo si malaika: mwaka 2017 madaktari walieleza kuhusu wagonjwa wa kisukari waliopata aleji kutokana na isobonili akrilati, kemikali iliyotoka kwenye kifaa cha kupimia sukari kinachobandikwa mkononi.

Wapo watakaosema: mwalimu, silikoni hatuna, kwa hiyo umetuhubiria habari za peponi. Hapana. Mengi niliyoyataja hayana bei. Mafuta ya kujipaka, yakipitishwa ukingoni mwa plasta ya zinki kwa pamba huku kidonda kikilindwa, hulainisha mpira na kuifanya iachie. Baadaye osha kwa sabuni, la sivyo plasta ijayo haitashika. Petroli na mafuta ya taa yaacheni kwa mafundi. Kwa kidonda cha tumbo kinachofunguliwa kila siku, bandika plasta pana mbili kushoto na kulia, zitobolewe na kufungwa kamba zinazopitana juu ya shashi, ziitwazo kamba za Montgomery: kila siku unafungua kamba, plasta hazitoki. Na kwa mkono au mguu wa mzee, bandeji ya kuzungusha isiyobana inaweza kufanya kazi yote bila tone la gundi.

Maabara hazijalala. Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake, Marekani, walipima nguvu ya unywele mmoja wa wayo wa mjusi kafiri, na tangu hapo watu wengi wamejaribu kutengeneza plasta yenye vinywele kama vile. Mwaka 2017 kikundi cha Harvard kilichapisha gundi iliyoigwa kutoka kwenye ute wa konokono asiye na nyumba, inayoshika hata penye damu. Hizi ni kazi nzuri, ila nyingi zinashindana katika kushika. Iliyonifurahisha zaidi ilitoka mwaka 2012, kwa watafiti Robert Langer na Jeffrey Karp, kwa ajili ya watoto wachanga. Plasta yao ina tabaka tatu, na lile la katikati limechorwa kwa leza ili livumilie mvuto wa pembeni lakini liachie likiinuliwa. Mgongo wa plasta unatoka, gundi inabaki shavuni mwa mtoto, na baadaye inaviringwa kwa kidole taratibu. Kwa mara moja, watu walikaa wakapanga mahali pa kuachia kabla ya kupanga mahali pa kushika.

Neno moja kwa mnaonunua. Karatasi za viwanda huonyesha nguvu ya kubandua iliyopimwa juu ya bamba la chuma cha pua, kwa pembe ya nyuzi 180, katika chumba chenye kiyoyozi. Bamba la chuma halitoi jasho, halina vinyweleo, halizeeki. Dai vipimo vya juu ya ngozi ya watu, baada ya saa 24 na baada ya siku tatu. Uliza roli imehifadhiwa katika joto gani. Na msilinganishe bei ya roli na roli. Gaweni kwa siku ambazo kifuniko kimoja kinakaa, mwongeze muda wa muuguzi na shashi inayotumika kila kinapofunguliwa. Mara nyingine zinki itashinda bado. Mara nyingine mtashangaa.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango nimeweka vipande vya aina nne: zinki, karatasi, utando na silikoni. Mwenye aleji ya mpira aache cha kwanza, na mwenye ngozi dhaifu aviache vyote. Wengine vibandikeni upande wa ndani wa mkono, mkae navyo hadi kesho jioni, kisha mvibandue polepole mkiibana ngozi, na mtazame upande wa gundi dhidi ya mwanga. Ukungu mweupe mtakaouona hapo ni seli zenu. Linganisheni kipande kwa kipande. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali. Naona dada mmoja muuguzi kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja spiriti.